Eka Nne za Nyasi

Mwezi wa pili mwaka wa 2025 nililipwa niende baa. Tovuti moja ya burudani ilitaka maneno 600 kuhusu usiku wa mugithi hapa Ruiru, na mhariri hakuficha kitu: andika ichekeshe. Nikakaa karibu na mlango wa jikoni, nikaagiza soda moja iliyonifikisha saa saba usiku, nikawa naandika kwa simu kila kitu kilichoonekana kituko. Suruali ya mpiga gitaa. Mama aliyecheza na mkoba wake ukiwa umebanwa kwapani. Jamaa aliyelala mezani, akawa anaamka kila kiitikio na kulala tena.

Kwa ambaye hajawahi kukaa huku kwetu, mugithi ni treni kwa Kikuyu. Mtu mmoja anakaa na gitaa na spika, anaunganisha nyimbo bila kupumzika: za kanisa, za mapenzi, za Joseph Kamaru, za Queen Jane, na zingine zake ambazo huwezi kuimba mbele ya mama yako. Wateja wanashikana mabega na kuzunguka meza kama mabehewa. Mtindo huu ulishika moto miaka ya 1990, majina kama Mike Rua na Salim Junior yakawa makubwa, na leo ukishuka stage yoyote kati ya Githurai na Thika Ijumaa usiku utausikia kabla hujalipa nauli.

Karibu saa sita, mpiga gitaa alianza wimbo mmoja wa zamani. Mzee mmoja wa kofia akainuka, akapita katikati ya watu, akamshika mwimbaji bega na kumwambia kitu sikioni. Gitaa likanyamaza. Mwimbaji akacheka, akatangaza kwa maikrofoni kwamba amefunzwa, halafu akarudia ubeti mzima kwa maneno mengine. Baa yote ikapiga makofi. Mimi nikaandika: mlevi mmoja alivamia jukwaa.

Makala ilitoka, ilisomwa sana, nikalipwa, pesa ikaingia kwa kodi ya nyumba. Hii unayosoma sasa ni ya kufuta ile sentensi.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 28 Mei 2025, Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki huko Marekani. Mnakumbuka ile wiki. Simu zilijaa picha zake na kila mtu aliandika kitu kimoja: lugha. Ngũgĩ na lugha ya mama, Ngũgĩ aliyeacha Kiingereza, Ngũgĩ aliyeandika riwaya ya Kikuyu kwenye karatasi za choo akiwa Kamiti. Yote ni kweli. Mimi pia niliwahi kuyaandika, kwenye mtihani wa mwaka wa pili, kabla karo haijanishinda na kunirudisha nyumbani. Kwenye noti zetu Kamĩrĩĩthũ ilikuwa aya moja yenye tarehe tatu. Ulikuwa unaikariri, unapata alama zako, unaendelea.

Usiku mmoja nikafungua tena Decolonising the Mind kwenye simu, bila mtihani wowote mbele yangu. Kuna mahali Ngũgĩ anaeleza jinsi uwanja wa Kamĩrĩĩthũ ulivyokuwa mwaka wa 1977. Eka nne zilizotengewa kituo cha vijana. Ndani yake kulikuwa na jengo la matope la vyumba vinne linaloanguka, lililotumiwa kusomesha watu wazima. Kwingine kote ilikuwa nyasi. Sentensi hiyo niliipita mara ngapi nikiwa campus? Nilikuwa natafuta falsafa. Sasa naishi Ruiru, na neno lililonishtua lilikuwa "eka".

Nieleze kwa nini. Ruiru ilihesabiwa karibu nusu milioni ya watu kwenye sensa ya 2019. Mashamba ya kahawa ambayo yalizunguka mji huu yamekatwakatwa, na kila ukuta una bango: ploti ya hamsini kwa mia, hati iko tayari, lipa polepole. Kila kipande cha nyasi unachokiona kina mwenyewe, na mwenyewe ana namba ya simu imeandikwa kwa rangi nyekundu. Vijana wanauliza mbona hatuna michezo ya kuigiza huku, mbona muziki wa kupigwa moja kwa moja uko baa tu. Tunajibu kwamba watu hawapendi sanaa, au wasanii hawajitumi, au lugha. Mimi nadhani jibu linaanza na swali la broka: hiyo shoo mnaifanyia kwa shamba la nani?

Kamĩrĩĩthũ iko kaunti hii hii ya Kiambu, kando ya mji wa Limuru. Kutoka Ruiru unapanda matatu ya Kiambu, kisha unapanda nyingine. Kijiji chenyewe kilizaliwa vibaya: ni kijiji cha dharura cha miaka ya 1950, wakati wakoloni waliwahamisha watu mashambani mwao na kuwakusanya ili wasiwalishe Mau Mau. Miaka 20 baadaye wengi wa waliokaa hapo walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na wasio na kazi. Mwaka wa 1976 kituo chao kikaanza kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mchezo wa kuigiza ulikuja kama sehemu ya masomo hayo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliombwa waandike muswada, nao wakaandika Ngaahika Ndeenda, yaani nitaolewa nikipenda. Kimani Gecaũ akaongoza.

Watu wa Kamĩrĩĩthũ walijenga ukumbi wa wazi wa kukalisha zaidi ya watu 2,000, wenye jukwaa lililoinuliwa na vyumba vya kubadilishia nguo. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Gatoonye wa Mũgoiyo, tarishi wa ofisi. Walianza kwa kupanga njiti za kiberiti chini, wakijaribu hii ikae wapi na ile iangalie wapi, kisha wakatengeneza mfano mdogo, kisha wakajenga kamili. Ukisoma hapo unaelewa kwamba jukwaa lenyewe ndilo lilikuwa mchezo wa kwanza waliouandika. Tarishi, mtu ambaye kazi yake ni kubeba barua za wengine, ndiye aliyeamua watu wakae wapi.

Mazoezi yalifanywa hadharani, zaidi Jumamosi na Jumapili mchana. Hapa ndipo mzee wa kofia anaingia. Watu walikuja kuangalia na hawakunyamaza. Wazee walisahihisha Kikuyu cha muswada: mtu wa umri huu hasemi hivyo, methali hii haikai hapo. Bibi mmoja asiyejua kusoma alisaidia na zile nyimbo za majibizano za harusi, gĩtiiro, maana yeye ndiye aliyezijua. Wafanyakazi wa viwandani walieleza jinsi mshahara unavyokatwa mpaka ukabaki jina. Kufikia siku ya kwanza, Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977, mchezo ulikuwa umeshahakikiwa na kijiji kizima kwa miezi, uso kwa uso, na marekebisho yameingia. Hakuna mhakiki wa gazeti angeweza kuongeza kitu.

Hiyo ndiyo kazi niliyomwona mzee akifanya Ruiru, saa sita usiku, katikati ya chupa. Alijua ubeti, akasikia umekosewa, akainuka kwa sababu ukumbi ulimruhusu kuinuka. Mimi niliyelipwa kuhakiki nilikuwa nimekaa kwa mlango wa jikoni nikihesabu vituko.

Sasa, sitaki kuifanya Kamĩrĩĩthũ kuwa kanisa. Ukisoma Ngaahika Ndeenda kama mchezo tu, una matatizo yake. Matajiri wanaitwa Ahab na Jezebel, kwa hivyo unajua watakachofanya kabla hawajaketi. Kuna hotuba ndefu ambazo muigizaji mbaya anaweza kukulaza nazo. Mwisho unakimbilia wimbo wa umoja haraka kuliko uchungu uliotangulia unavyoruhusu. Lakini katikati kuna kitu ambacho hakijachuja hata kidogo: Kĩgũũnda, kibarua, ana hati ya eka moja na nusu, nayo imetundikwa ukutani kama picha ya familia. Anashawishiwa afanye harusi ya kanisa ili afanane na wakubwa, anakopa kwa kuweka rehani ile hati, na shamba linaenda. Ukiwa mtu wa Ruiru huhitaji maelezo. Sote tunajua boma ambalo hati ilitoka ukutani ikaenda benki na haikurudi.

Mchezo huu niliuona kwa macho Mei 2022, uliporudishwa kwenye Kenya National Theatre chini ya uongozi wa Stuart Nash. Ulichezwa kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, siku tofauti. Nilikuwa bado mwanafunzi na nilimchukua cucu kutoka Makongeni, Thika, twende ile ya Kikuyu. Tiketi mbili zilikula pesa yangu ya wiki. Sijutii. Kwa wengi wetu hiyo ilikuwa nafasi ya kwanza kukutana na mchezo huu nje ya karatasi ya mtihani, na hati ilipotajwa kwa mara ya kwanza niliwasikia watu wakivuta pumzi kama wameona nyoka.

Lakini nataka kusema kuhusu cucu. Yeye alikulia kwenye mashamba ya kahawa ya upande huu. Ujana wake ulikuwa wa kuchuma kahawa siku sita, na wikendi kucheza mwomboko uwanjani karibu na nyumba za vibarua, kodiani ikilia na chuma kikigongwa. Nyimbo za harusi zilipofika, cucu akaanza kuimba. Hakupaza sauti, aliitikia tu, vile mtu anavyoitikia salamu. Vichwa vya mbele yetu vikageuka. Hakuna aliyemkemea, waligeuka tu, na hilo lilitosha, akanyamaza. Baadaye kidogo akaninong'oneza: "Huyu Wangeci anakubali haraka. Mama mwenye binti hawezi kukubali haraka hivyo bila kuuliza maswali. Tunamwambia nani?"

Sikuwa na jibu. Tungemwambia nani? Taa zimezimwa, viti vimeangalia upande mmoja, mazoezi yaliisha kabla hatujanunua tiketi. Sisemi hivyo kulaumu waliouandaa. Wao walifanya kazi yao, na ukumbi ule hufanya kazi yake tangu ulipofunguliwa mwaka wa 1952: unakuonyesha kitu kilichokamilika, nawe unapiga makofi. Nasema tu kwamba muswada ulirudi baada ya miaka 45, na watu walioigiza walikuwa hodari, lakini kile kitu cha Limuru hakingeweza kurudi pamoja nao. Swali la cucu lilikuwa na mahali pake kule. Bibi kama yeye angesimama Jumamosi alasiri aseme, na Jumamosi iliyofuata Wangeci angeuliza maswali.

Kilichofanyika baada ya ile Oktoba mnajua. Tarehe 16 Novemba 1977 serikali ikafuta leseni kupitia mkuu wa wilaya ya Kiambu. Siku 45 tangu mchezo ufunguliwe. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa, akakaa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Kituo hakikufa. Walirudi na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, wenye nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya, na mwanzoni mwa 1982 wakataka kuuonyesha National Theatre. Wakakuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na mazoezi ya hadharani, maelfu wakawa wanakuja kuyaona, hadi hapo pia wakafukuzwa. Tarehe 11 Machi 1982 kituo kikapigwa marufuku. Kesho yake malori matatu ya polisi wenye silaha yalifika Kamĩrĩĩthũ na kubomoa ukumbi.

Fikiria hilo kidogo. Mwandishi alikuwa ameshafungwa na kuachiliwa. Muswada ulikuwa umeshachapishwa, unauzwa. Bado wakaona ni lazima wang'oe mbao. Wakoloni nao walipopiga marufuku wimbo wa mũthĩrĩgũ mwaka wa 1930, watu walienda kuuimba kwa siri, kwa sababu wimbo unabebeka. Ukumbi haubebeki. Serikali ya 1982 ilijua kitu ambacho noti zetu za campus hazikuandika.

Nilienda kuona mahali penyewe, mwezi wa saba. Leo pana chuo cha ufundi. Nilisimama nje ya geti, ndani kuna kijana alikuwa anachomelea chuma na cheche zinaruka. Mlinzi akaniuliza natafuta nani. Nikasema naangalia tu. Akaniangalia kama mtu wa ploti. Sina ubaya na chuo cha ufundi, ningekuwa na akili ningejiunga. Lakini nilirudi Kiambu kwa matatu nikifikiria: kama hawa waliokuwa na eka nne walinyang'anywa, sisi tusio na hata futi nne tunaanzia wapi?

Tulianza kwa ploti ya watu. Tulikuwa saba, Agosti hiyo hiyo: wawili wa boda, mmoja anauza simu, mshonaji, wawili waliomaliza Kenyatta University na hawajapata kazi, na mimi. Ukumbi wa kukodi tuliuliza bei, tukacheka, tukatoka. Mjomba wa mshonaji alikuwa na ploti tupu ndani ndani, mbali na barabara ya Eastern Bypass, akatupa ruhusa Jumapili mchana. Tukaandika mchezo mfupi kuhusu familia inayonunua ploti iliyouzwa mara tatu. Lugha ilikuwa Kiswahili chetu, hiki unachosoma na kingine kichafu zaidi, kwa sababu majirani zetu ni Wakisii, Waluhya, Wakamba, Wasomali na Wakikuyu, na Kikuyu peke yake Ruiru ya leo kingefunga mlango kwa nusu ya watu. Nadhani Maitũ Njugĩra na nyimbo zake za kila kabila ilikuwa imeanza kuliona hilo.

Tulifanya mazoezi wazi, kama Limuru. Watoto walikuja kwanza, halafu mama zao wakiwatafuta, halafu baba zao wakitafuta wote. Jumapili ya pili mama mmoja muuza mboga alitusimamisha: broka hawezi kuvaa tai, broka wa kweli huvaa viatu vyenye vumbi ili uamini ametoka shambani. Tukabadilisha viatu. Jumapili ya tatu tukakuta mawe ya Ndarugo yamemwagwa katikati ya jukwaa letu, lori mbili nzima, na bikoni mpya kwenye kona. Mjomba alikuwa ameuza. Hakuna aliyemlaumu, alikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza.

Aliyetuokoa ni mwenye baa. Ndiyo, baa ile ile. Mpiga gitaa wa ile suruali, ambaye nilikuwa nimemwomba msamaha na akaniambia hakuwahi kusoma makala yangu, alitupeleka kwake. Uwanja wa nyuma, Jumapili saa nane hadi saa kumi na moja, kabla ya mugithi. Masharti: tusilete pombe ya nje, na wageni wetu wanunue japo soda. Ilikuwa haki. Gitaa likaingia kwenye mchezo, na pale familia inaposaini karatasi za ploti, watazamaji walikuwa wanainuka wenyewe na kufanya treni, wanazunguka meza ya broka. Hatukuwaelekeza. Mwili wa mtu wa Kiambu ukisikia ile gitaa unajua la kufanya, na ghafla treni ambayo mimi niliiona upuuzi ikawa foleni ya watu wanaopeleka pesa zao kupotea. Huo ndio wakati mzuri zaidi niliowahi kuuona kwenye jukwaa lolote, na hakuna mmoja wetu aliyeuandika.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mwenye baa aliniita kando, kwa heshima, akanipa chai. Akasema mchezo ni mzuri, wateja wanaupenda. Ila ile sehemu ya karatasi za ploti. Ndugu yake anauza ploti, watu wataanza kunong'ona. "Si lazima mtoe yote, mtoto wangu. Toeni tu hapo."

Nimekulia kwenye hadithi za malori matatu ya polisi. Aprili 2025 nimeona kwenye simu wasichana wa Butere wakirushiwa machozi Nakuru kwa sababu ya mchezo wao, Echoes of War. Nilidhani nikikutana na udhibiti nitautambua kwa buti zake. Huu ulikuja na chai na andazi, kutoka kwa mtu aliyetusaidia kuliko ofisi yoyote, na akaniita mtoto wake. Tulipiga kura. Nne kwa tatu, tukaitoa. Mimi nilikuwa kwenye wale wanne. Nilijiambia uwanja ni muhimu kuliko onyesho moja, kwamba tukipoteza uwanja tumepoteza yote, na bado sijui kama hiyo ilikuwa busara au woga uliosoma vitabu.

Siku yenyewe watu walijaa hadi ukutani. Cucu alikuja kutoka Thika, nikamweka mbele. Tulifika pale karatasi zinapofaa kusainiwa, tukaruka kwenda mbele kama tulivyokubaliana. Gitaa likapiga kitu kingine. Kimya kidogo. Halafu mzee wa kofia, yuleyule, akasema kutoka kwenye kiti chake, bila kuinuka: "Na ile ya karatasi iko wapi? Wiki jana ilikuwepo."

Hatukujibu. Niliona mwenye baa amesimama kwenye kaunta na kitambaa mkononi. Mzee akangoja, akaona hatusemi, akageukia waliokuwa nyuma yake na kuanza kuwaeleza ile sehemu yeye mwenyewe. Alieleza vibaya. Aliruka mahali, akarudi, akaongeza habari za shamba la kaka yake huko Gatanga ambazo hazikuwemo. Ilichukua dakika kumi na kama mchezo ilikuwa ndefu sana. Hakuna aliyegeuza kichwa kumnyamazisha. Mama wa mboga akamsahihisha kuhusu viatu. Cucu akauliza swali, akajibiwa na mtu asiyemjua.

Kwa hivyo nimekuja na kipimo kimoja ninapoenda kwenye shoo yoyote sasa, iwe mugithi Thika au mchezo mjini. Muziki ulikuwa mtamu au la, hilo nitaandika pia, ni kazi yangu. Lakini kwanza nauliza kama watu waliokaa pale wangejua kitu kikikatwa. Kwenye ukumbi wa tiketi usingejua, kwa sababu uliona mara moja tu, gizani, kikiwa kimemalizika. Uwanja wetu ni wa mtu, na alitukata. Eka nne hatuna, na nadhani tunapaswa kuzidai kutoka kaunti kwa jina hilo hilo, eka, kabla bango la mwisho halijasimama. Lakini mazoezi yalikuwa wazi, na kilichotolewa kwenye jukwaa kilikuwa tayari kwenye vichwa vya watu hamsini.

Mwenye baa hakusema kitu baada ya shoo. Alipanga viti, akahesabu chupa za soda, akamwambia mpiga gitaa aanze mapema kwa sababu watu hawaondoki. Jumapili ijayo tutaenda saa nane kama kawaida. Tukikuta geti limefunguliwa, tutairudisha ile ya karatasi. Kura ilikuwa sita kwa moja, na huyo mmoja si mimi.